Spicer-Simson: Kamanda wa sketi aliyechekwa Kalemie, kisha akashinda vita vya Ziwa Tanganyika

Aliyepita JKT au kambi yoyote ya jeshi anazijua adhabu zenye kuchekesha wote isipokuwa anayezitumikia. Kuna kuruka kichura kuzunguka uwanja, kuupigia mti saluti mpaka uitikie, kubeba gogo huku ukilibembeleza kama mtoto. Mkosaji anaona aibu, wenzake wanacheka, na kesho yake zamu inahamia kwa mwingine.

Jeshi la Majini la Uingereza nalo lilikuwa na adhabu zake, na mojawapo ilikuwa ya kimyakimya: ofisa aliyeharibu kazi alinyang'anywa meli na kupewa meza. Mwanzoni mwa mwaka 1915, Geoffrey Basil Spicer-Simson alikuwa ameketi kwenye meza ya namna hiyo mjini London, akishughulika na makaratasi wakati wenzake wa rika lake wakiongoza manowari vitani. Miezi michache baadaye alikuwa njiani kwenda Ziwa Tanganyika, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anaamuru vita kutoka ufukwe wa mji ambao leo ni Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi Ulaya kama kichekesho. Ukikisoma ukiwa upande huu wa ziwa, utacheka pia, ila si kila mahali wanapocheka wao.

Kijana wa Tasmania

Alizaliwa Januari 15, 1876, Hobart, kisiwani Tasmania. Familia yake ilihamahama na sehemu ya utoto wake ilipita Ufaransa, ndiyo maana alikizungumza Kifaransa vizuri. Kijerumani pia alikijua. Aliingia Jeshi la Majini akiwa na umri wa miaka 14 hivi, akafanya kazi ya kupima mito na pwani, kwanza China kwenye mto Yangtze, kisha Gambia kuanzia 1911 hadi vita vilipoanza 1914.

Upimaji aliuweza. Shida yake ilikuwa mdomo. Kila mahali alipokaa alisimulia ushujaa wake: wanyama aliowaua, hatari alizoponea, nyota alizozijua. Wasikilizaji walikuwa wanatazamana pembeni. Kila jeshi lina mtu wa aina hii, na mara nyingi huwa hana habari kwamba hadithi zake ndizo burudani ya kambi usiku akishalala.

Rekodi yake baharini nayo ilikuwa na madoa. Inasimuliwa kwamba katika jaribio moja alikaribia kuizamisha nyambizi ya jeshi lake mwenyewe, kwamba aliwahi kuipandisha meli ufukweni, na kwamba chombo chake kiligongana na boti ndogo na mtu akafa. Kisha ikaja Novemba 11, 1914. Manowari ndogo HMS Niger ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Deal, kusini mashariki mwa Uingereza, ikiwa chini ya uangalizi wake. Nyambizi ya Kijerumani ikaipiga kombora mchana kweupe. Yeye, kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa hotelini akiburudika na mkewe na marafiki, akaitazama ikizama kupitia dirishani.

Ndipo akapewa meza.

Ziwa lililokuwa la Wajerumani

Wakati huo Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani kutoka Kigoma mpaka Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Walikuwa na meli mbili ndogo zenye mizinga, Hedwig von Wissmann na Kingani. Agosti 1914 Hedwig ilivuka hadi Lukuga, pale mto unapotoka ziwani karibu na Kalemie, ikaiharibu meli pekee ya maana ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Tangu hapo askari wa Kijerumani walivuka na kushambulia walipotaka, na Wabelgiji wakawa wanatazama maji tu.

Aprili 1915 mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alifika makao makuu ya Jeshi la Majini London na wazo lililoonekana la kichaa: boti mbili za injini zipelekwe kwa meli hadi Cape Town, zipande treni hadi Katanga, zikokotwe porini, zivushwe mito, zifike ziwani Wajerumani wakiwa hawajui. Lee aliijua nchi. Admirali Henry Jackson alilikubali wazo.

Akatafutwa ofisa wa kuongoza. Wenye majina hawakuutaka msafara wa watu 28 na boti mbili za futi 40 kuelekea katikati ya Afrika. Spicer-Simson alikuwa ofisini, alijua Kifaransa, aliwahi kuishi Afrika, na hakuna aliyemhitaji kwingine. Akapewa. Ukiitazama vizuri, hii nayo ilikuwa kama kumtuma mkorofi akachote maji mbali ili darasa litulie.

Mimi na Toutou

Mzaha wake wa kwanza ulikuwa kwa mabosi. Boti za kivita lazima ziwe na majina, naye akapendekeza Paka na Mbwa. Makao makuu yakakataa, hayakuona la kuchekesha. Basi akaleta mengine: Mimi na Toutou. Yakapita. Waliosaini hawakujua kwamba kwa Kifaransa cha watoto na mitaa ya Paris, mimi ni paka na toutou ni mbwa. Alikuwa amewapa kilekile walichokikataa, na karatasi ikapigwa muhuri.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna utani wa pili ambao yeye hakuupanga. Boti ya vita inayojitambulisha kwa jina la Mimi, ikiongozwa na mtu asiyekoma kujisimulia! Hata shairi la kumkejeli lisingepata jina zuri zaidi.

Juni 1915 boti zilijaribiwa mto Thames. Mzinga uliofungwa mbele ya moja ulipofyatuliwa, ulitoka na kuangukia mtoni pamoja na mpigaji wake, kwa sababu haukuwa umekazwa vizuri. Siku chache baadaye msafara uling'oa nanga kuelekea Cape Town. Miongoni mwao walikuwamo daktari Hother Hanschell, ambaye kumbukumbu zake ndizo zimetupa vituko vingi vya kamanda huyu, na Frank Magee, mwandishi wa habari aliyegeuzwa karani wa kijeshi.

Lee alikuwa ametangulia kutafuta njia. Aliikata, akaiandaa, kisha akaondolewa. Ilidaiwa kwamba alilewa na kuropoka siri za msafara. Wengi walioandika baadaye wameyatilia shaka mashtaka hayo, na ni vigumu kutoona kwamba kamanda hakutaka mtu mwingine awe na haki ya kusema wazo lilikuwa lake. Jina la Lee limebaki kwenye vitabu vichache tu. Huu haukuwa mzaha.

Mgongo wa nani?

Treni iliwafikisha Fungurume, Katanga, mwanzoni mwa Agosti. Kutoka hapo hadi Sankisia palikuwa na takriban kilomita 230 za msitu, mabonde na milima ya Mitumba, ambako walipanda hadi kimo kinachokaribia mita 2,000. Matrekta mawili ya mvuke na maksai kwa makumi yalivuta boti zilizokuwa juu ya magari ya miti. Zilijengwa daraja zaidi ya 100. Pale maksai waliposhindwa kulivuta trekta na trekta likashindwa kuwavuta maksai, zilitumika kamba, magogo na mikono ya watu.

Watu hao walikuwa mamia ya Wakongo, na vitabu vingi vya Kizungu vinawapita kwa sentensi moja. Maji ya matrekta yalipokwisha, wanawake wa vijijini ndio waliotwika mitungi kichwani na kutembea maili kadhaa ili mashine ziendelee kunywa. Boti zilifika ziwani zikiwa salama, na sifa ya usafirishaji ule ilienda kwa Waingereza 28.

Hapa ndipo ucheshi wa kambi unapokuwa na mpaka. Baharia Mwingereza aliyekosea angeweza kutaniwa, kukaripiwa, labda kunyimwa likizo. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, alilazwa chini na kupigwa fimbo ya ngozi ya kiboko mbele ya wenzake, na mpagazi vivyo hivyo. Ng'ambo ya ziwa Wajerumani walikuwa na kipimo chao, viboko 25, ambavyo wazee wa Tanganyika waliviita hamsa ishirini mpaka neno likawa jina la utawala wenyewe. Kwenye kambi moja, kosa lilelile lilikuwa kicheko kwa mmoja na damu mgongoni kwa mwingine.

Baada ya Bukama boti zilielea mto Lualaba wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, zikifungiwa mapipa matupu ubavuni zisiguse mchanga. Kutoka Kabalo wakapanda reli mpya iliyokuwa inafika ukingoni mwa ziwa. Mwishoni mwa Oktoba 1915 wakashuka Lukuga.

Bwana Chifunga-Tumbo

Wabelgiji walimsubiri ofisa wa jeshi kubwa kuliko yote duniani. Aliyetokea alikuwa amevaa sketi.

Sketi hiyo, ambayo yeye mwenyewe alieleza kuwa ilishonwa na mkewe kwa ajili ya joto, ndiyo iliyomfanya maarufu ufukwe mzima. Juu alivaa shati la kijeshi, na mikono na mwili wake ulijaa michoro ya tatuu, nyoka na viumbe wengine. Alivuta sigara zilizoandikwa jina lake. Mbele ya kibanda chake alipandisha bendera ya makamu admirali, cheo kilichokuwa juu yake kwa ngazi kadhaa, na Wabelgiji waliouliza maswali hawakupata jibu la maana. Miongoni mwao alijulikana kama kamanda wa sketi.

Kuoga kwake kulikuwa tamasha. Kwa siku maalumu beseni liliwekwa hadharani, naye akaingia taratibu mbele ya umati, tatuu zikicheza juu ya misuli, kisha akahitimisha kwa glasi ya kinywaji. Waholoholo wa eneo hilo walikuja kutazama. Walimpa jina Bwana Chifunga-Tumbo, mfunga tumbo, kutokana na lile vazi. Inasimuliwa pia kwamba walifinyanga sanamu zake za udongo.

Waandishi wa Kizungu waliokumbuka sanamu hizo waliandika kwamba watu walimwona kama mungu. Mimi nina shaka. Watu wa nchi hii walimwita Stanley Bula Matari, mvunja mawe, na jina likaja kuwa la serikali nzima ya kikoloni. Kila Mzungu aliyepita alipewa lake, kulingana na tumbo, mwendo au ukali wake, na kwa kawaida mwenyewe alikuwa wa mwisho kulielewa. Anayemfinyanga bwana mwenye sketi kwa udongo na kukaa kimya si lazima awe anamwabudu.

Mabaharia wake nao walikuwa wanamcheka, kwa tahadhari. Usiku walikuwa wakimwigiza, kisha mchana wanampigia saluti na kutekeleza amri, kwa sababu katikati ya vituko vile kazi ilikuwa inakwenda.

Jumapili ya Desemba 26

Mwanzoni mwa Desemba ofisa wa Kijerumani, Job Rosenthal, alikuja kupeleleza Lukuga usiku, akaogelea karibu na ufukwe, na akakamatwa. Wenzake wa Kigoma hawakujua alichokiona. Siku chache kabla ya Krismasi, Mimi na Toutou zikashushwa majini.

Desemba 26 ilikuwa Jumapili. Kamanda alikuwa anaongoza ibada asubuhi, Kingani ilipoonekana ikija kuchungulia bandari iliyokuwa inajengwa Kalemie. Hakuharakisha. Ibada iliendelea hadi mwisho, ndipo boti zikatoka.

Kingani ilikuwa na mzinga mbele tu, na boti mbili zenye kasi zikaikimbilia kutoka nyuma. Mapigano yalichukua dakika 11. Nahodha wake, Junge, aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia, na waliobaki wakajisalimisha. Hakuna Mwingereza aliyeumia. Ilikuwa manowari ya kwanza ya Kijerumani kutekwa na kuingizwa katika Jeshi la Majini la Uingereza, na Spicer-Simson akaipa jina Fifi, sauti ya kindege kwa Kifaransa, ili paka na mbwa wapate mwenzao.

Junge na wenzake walizikwa Kalemie kwa heshima za kijeshi. Hata hivyo, inasemekana kamanda alionekana baadaye amevaa pete ya marehemu. Daktari Hanschell na wengine waliomvumilia sketi na hadithi walishindwa kulicheka hilo.

Februari 9, 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake aliyepotea. Fifi, sasa ikiwa na mzinga mkubwa zaidi, iliifukuza pamoja na Mimi iliyoongozwa na Luteni Arthur Wainwright. Risasi ilikwama ndani ya mzinga wa Fifi kwa dakika nyingi, Mimi ikawa inaichokoza Hedwig kutoka mbali ili isitoroke, hadi mzinga ulipozibuka. Hedwig ikazama. Nahodha Odebrecht akaokolewa na kufanywa mateka, na bendera ya kivita ya meli hiyo ikawa nyara. Safari hii pia hakuna Mwingereza aliyeumia.

Mizinga ya mti

Kesho yake ikatokea ya tatu. London ilipokuwa inapanga msafara haikuwa na habari zake: Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikaletwa vipandevipande hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na kuingizwa majini 1915. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 70, na mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Ilipita polepole mbele ya Kalemie. Mabaharia walitazama kwa kamanda. Kamanda alitazama meli, hakutoa amri, akarudi ndani.

Hapo alikuwa na haki. Boti za futi 40 mbele ya chombo kile zingekuwa kuni. Lakini baada ya siku ile kitu fulani ndani yake kilivunjika. Aliondoka Kalemie kwa miezi kadhaa kwenda kutafuta meli kubwa zaidi upande wa magharibi mwa Kongo, wakati Wabelgiji wakilalamika kwamba wameachiwa vita.

Aliporudi alitumwa Bismarckburg, Juni 1916, kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa maji wakati kikosi kutoka Rhodesia kikija kwa nchi kavu. Aliiona ngome, akaona midomo ya mizinga, akajiondoa. Usiku Wajerumani wakapanda majahazi na kuondoka. Waliofika kwa miguu walikuta ngome tupu, na mizinga ile, kwa mujibu wa masimulizi ya baadaye, ilikuwa ya mti. Inasimuliwa kwamba alipoingia ngomeni na sketi yake, askari wa Rhodesia walimzomea waziwazi. Mtu aliyewachezea mabosi wake kwa majina mawili ya Kifaransa alikuwa amechezewa kwa magogo mawili matatu, na safari hii adui walipata uhai wao.

Götzen nayo ilimaliza vita kwa hila hiyohiyo. Mzinga wake mkubwa uliondolewa kwenda kutumika nchi kavu, ukawekwa wa mti badala yake. Ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma mwezi Juni, na Julai 26, 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka injini mafuta mazito ili isioze.

Meza tena

Alirudishwa Uingereza kwa sababu za afya. Alipewa nishani ya DSO, Wabelgiji wakampa zao, kisha akakaripiwa rasmi kwa yaliyotokea Bismarckburg na kwa ugomvi wake na washirika. Hakupewa meli nyingine mpaka anastaafu.

Ila safari hii meza ilimfaa. Mwaka 1919 alikuwapo kwenye mkutano wa amani Paris kama ofisa wa majini anayejua lugha. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirika la kimataifa la upimaji wa bahari, Monaco, kazi iliyorudi kwenye kile alichokiweza tangu ujana: kina cha maji, mikondo, ramani. Aliendelea pia kuwasimulia watu kuhusu Ziwa Tanganyika. Mwaka 1935 C. S. Forester alichapisha riwaya ya The African Queen, ikionyesha vita vya boti ndogo na meli ya Wajerumani ziwani, na filamu yake ya 1951 ikamfanya Humphrey Bogart ashinde Oscar. Spicer-Simson hakuiona.

Alifariki Januari 29, 1947, Courtenay, British Columbia, nchini Kanada. Wakati huo ile meli ambayo hakuishambulia ilikuwa imeibuliwa na Waingereza tangu 1924, mafuta yameikinga injini kama Wajerumani walivyotumaini, na tangu 1927 ilikuwa inabeba abiria, dagaa na magunia ya mahindi ziwani kwa jina la Liemba.